Tuhame Mwanga au tubaki? Jibu kwa mama wa watoto wawili

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mama. Nina watoto wawili, wa kike miaka 6 na wa kiume miaka miwili na nusu. Tumepanga Mwanga hapa Kigoma mjini vyumba viwili kwa elfu 80 kwa mwezi, nyumba ina wapangaji sita, mlango wetu unaangalia barabara na ng'ambo yake kuna baa na kibanda umiza, mziki mpaka usiku wa manane. Mimi nina genge sokoni, mume wangu ananunua dagaa wabichi Kibirizi anaanika anauza. Tuna kiwanja njia ya Simbo, nyumba imeshaezekwa, bado plasta, madirisha na choo. Mume anasema tuhamie hivohivo watoto wapate hewa na utulivu, nauli kwenda na kurudi ni elfu 4 kwa mtu. Mama yangu mzazi yuko Ujiji nae anasema mtoto akikulia sokoni anaharibika. Mimi nina wasiwasi ila siwezi kusema ni wa nini. Mdogo anakohoa sana usiku. Tufanyeje?"

Marahaba mwanangu. Nilikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto hapahapa Kigoma miaka 29 mpaka nilipostaafu, nimepima watoto wa Mwanga, wa Ujiji, wa Katonga, wa Gungu na wa vijiji vya hukohuko njia ya Simbo, na wangu wanne nimewalea hapahapa, kwahiyo nitakwambia ninachokijua na pale nilipokosea mwenyewe nitakwambia pia.

Tuanze na kikohozi maana hicho hakisubiri mambo ya kuhama. Umekiandika kwa sentensi moja tu lakini mimi ndo kilichonishtua. Leo usiku akiwa ametulia, sio analia wala ametoka kukimbia, mfunue tumbo uhesabu pumzi zake dakika moja nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa umri wake akifika pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila akivuta hewa, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huohuo. Kama pumzi ziko sawa lakini kikohozi kimevuka wiki mbili mpeleke kliniki wamchunguze na TB pia, na uwaambie kama kuna mpangaji mwenzenu anayekohoa muda mrefu, maana nyumba ya watu wengi yenye korido isiyopitisha hewa ndo mahali TB inapopenda. Afu angalia jiko la mkaa mnawashia wapi. Kama ni koridoni au chumbani pembeni ya mlango litoe nje leoleo, moshi wa jikoni ni moja ya sababu kubwa za watoto wadogo kupata nimonia, na makaa hata yakibaki kidogo yasilale ndani na nyie, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Hayo ufanye hata kama mnahama kesho.

Sasa la kuhama. Nyie mmelipima kama kelele upande mmoja na utulivu upande mwingine, na likipimwa hivo jibu linaonekana rahisi, Simbo inashinda. Lakini mimi kwenye miaka yote ya kliniki sijawahi kuona mtoto anadhoofu kwasababu ya mtaa kuwa na watu wengi. Nimeona wanadhoofu kwasababu hakuna mtu mzima anayewaona. Kwahiyo swali langu kwenu ni nani atamuona huyu mdogo kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, na nyie wawili mtabaki na masaa mangapi ya kukaa nae akiwa macho. Nadhani hata ule wasiwasi wako usioujua jina ndo huu.

Chukua kazi ya mume wako. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inarudi alfajiri, na mnunuzi asiyekuwepo mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, saa 11 anakuta wazuri wameshachukuliwa. Mkiwa Mwanga anaamka saa 10 na nusu anateremka Kibirizi, saa 4 asubuhi keshaanika na akitaka anarudi kunywa chai na mtoto wake. Mkiwa Simbo anatoka saa 9 usiku kwa bodaboda kwenye giza, na siku za masika dagaa wakiwa juani hawezi kuondoka kwasababu wingu moja tu likipita hasara, basi anarudi jioni hoi. Siku atakazokuwa nyumbani ni zile za mbalamwezi ambazo ziwa limelala. Njoo kwako wewe, genge linauza asubuhi watu wakitafuta vya chai na linauza zaidi jioni watu wakitoka kazini, saa 11 mpaka saa 2 usiku ndo pesa yako ilipo. Ukifunga saa 2 ukapata gari ukafika Simbo ni saa 3 na ushee, watoto wamelala. Unatoka alfajiri wamelala, unarudi wamelala.

Na hela ya kodi mnayodhani mtaiokoa haipo. Elfu 4 kwa watu wawili ni elfu 8 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni laki 2 na elfu 8, wakati kodi mnayoikimbia ni elfu 80. Hapo sijaweka nauli ya mtoto wa shule wala hela ya dada wa kazi.

Haya ya kutomuona mtoto nayajua kwenye mwili wangu. Mwaka 1998 tulihama Mwanga tukaenda Gungu, enzi hizo Gungu nyumba zilikuwa chache na mashamba ya mihogo katikati, mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli anasafiri na garimoshi siku tatu nne, mimi zamu za asubuhi na za jioni. Nilifurahia ule ukimya, jioni nasikia panzi tu. Mwanangu wa tatu alikuwa na miaka miwili na miezi kumi nikawa namwacha na binti wa miaka 13, mtoto mwenyewe yule binti, hakuwa mbaya hata kidogo. Siku moja mwezi wa nne au wa tano baada ya kuhama nimempeleka kupima, mwenzangu wa zamu akanichorea nukta kwenye kadi, akainyamazia ile kadi, afu akanigeuzia niangalie. Kilo 12 na nusu. Mwezi uliopita kilo 12 na nusu. Wa nyuma yake kilo 12 na nusu. Mstari umelala kama kamba ya kuanikia. Mimi ambaye kila siku nawaambia akina mama mstari ukilala kwenye kadi mtoto anaomba msaada, wangu umelala miezi mitatu sijauona kwasababu nilikuwa namkuta amelala na nikimshika usiku naona ni mzima. Kumbe anapewa uji asubuhi, saa 8 ugali umepoa na maharage yaleyale, akikataa basi, binti anamwacha, na hapakuwa na jirani wa kupita akasema wewe mbona mtoto hajala. Hapakuwa na mtu kabisa. Baada ya miezi 14 tulirudi Mwanga, na mtoto alianza kupanda kilo kabla hata sijabadilisha chakula.

Na Mwanga hiyohiyo ndo nilikopoteza mtoto nikarudishiwa. Wa mwisho wangu akiwa na miaka mitatu alitoka uani wakati nafua, naangalia kushoto hayupo kulia hayupo, barabara ile unaijua. Nikatoka na povu mikononi naita. Sikufika hata kona, kijana wa kushona viatu akanionesha kwa mkono, amepita huku, mama wa mihogo ya kukaanga akapokea, kapita na mpira, nikamkuta kwa muuza migebuka amekalishwa juu ya kreti, amepewa kipande cha muhogo anakula, yule mama anasema nimemwona peke yake nikajua huyu ni wa nesi nikamshika. Mama yule mimi nilikuwa nanunua kwake samaki kila siku na kumsalimia na kumuulizia mguu wake uliokuwa unauma, basi. Wakati natafuta adhana ya alasiri ilikuwa inaanza, namrudisha nyumbani watu ndo wanaingia msikitini.

Hiyo ndo mali ya mtaa wenye watu na haiuzwi dukani, na kuijenga upya kwenye mtaa mpya ni kazi ya miaka.

Ila sitakudanganya kuhusu hapo mlipo. Nyumba yenu mimi siipendi, na ninasema nyumba, sijasema mtaa.

Kwanza mlango kuangalia barabara. Mtoto wa chini ya miaka kumi hawezi kukadiria bodaboda inakuja kwa kasi gani na iko umbali gani, akili yake haijafika hapo, hata umfundishe vipi, na huyu wa miaka miwili na nusu hata hajui kama barabara ni hatari, anaona mpira tu. Wiki hii mwite fundi aweke kigeti cha mbao mlangoni kinachofika kifuani kwako, komeo liwe kwa nje juu ambapo mkono wake haufiki, mbao na bawaba sio hela nyingi.

Pili usingizi. Hili watu wanalidharau sana na mimi nalipa uzito karibu sawa na chakula. Mtoto wa umri wa mdogo wako anahitaji masaa 11 mpaka 14 ya kulala kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, huyu mkubwa masaa 9 mpaka 12. Sasa mziki ukizimwa saa 7 usiku na dada mtu anaamshwa saa 12 kwenda shule hesabu mwenyewe kapata mangapi. Mtoto anayekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima, anakuwa mkorofi, analia ovyo, hashiki anachofundishwa, afu mwalimu anasema mtoto huyu mtukutu. Kuhusu hiyo baa, muone mwenye baa kwanza kwa heshima mchana akiwa hana wateja mkiwa wawili watatu wenye watoto, muombe spika zigeuzwe zisiangalie nyumba na saa 4 sauti ishuke, wengi wanakubali kuliko watu wanavofikiri. Akikataa nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa maandishi, na mjue kuna kanuni za kelele za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanazisimamia, usiku kwenye makazi ya watu sauti inatakiwa iwe chini. Wakati mnahangaika na hayo hamishieni kitanda cha watoto ukuta wa mbali na barabara, hata kama itabidi nyie ndo mlale chumba cha mbele.

Tatu, naandika hili taratibu. Wapangaji sita, milango sita, wageni wanaingia na kutoka, na binti wa miaka 6. Wanaowadhuru watoto kwa sehemu kubwa ni watu wanaowajua, sio mgeni wa barabarani. Mfundishe majina halisi ya sehemu zake za mwili, mwambie hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo mama haijui, asitumwe chumbani kwa mtu kupeleka chumvi wala kuchukua chaja, na asiende choo cha nje peke yake giza likiingia. Usimlazimishe kumkumbatia wala kumkalia mtu asiyemtaka hata kama ni mjomba. Na siku akikwambia simtaki fulani usimkemee, kaa chini umsikilize mpaka mwisho. Ukiwa na wasiwasi wa kweli namba ni 116, hiyo ya msaada kwa watoto, kupiga ni bure, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Maji na choo nako uangalie. Hapa Kigoma kipindupindu hatukisomi vitabuni. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mpakani, ugonjwa ukazuka kule, meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini wanapitia uwanja wa Lake Tanganyika, wengine tulikuwa hatulali. Nilichojifunza ni kwamba kwenye nyumba ya watu wengi usafi wa familia moja hautoshi, choo ni kimoja. Kaeni wapangaji mpange zamu ya kuosha na ndoo ya maji yenye sabuni ikae mlangoni kwa choo, na ya kunywa chemsheni au wekeni dawa ya maji, hata yakiwa ya bomba, maana mapipa ndo yanayochafuka.

Kibanda umiza na yale madubwi, mashine za kamari za kutumbukiza mia mia, kwa umri wa watoto wako sio tatizo la leo. Litakuja akifika miaka tisa kumi. Mchezo wa kubahatisha kwa mtoto chini ya miaka 18 ni kinyume cha sheria, na mtaa ambao wazazi wanajuana wanaweza kumwambia mwenye mashine aziondoe karibu na njia ya shule, nimeshuhudia ikifanyika.

Upande wa Simbo sasa. Uzuri wake upo na mume wako hakosei kuutamani. Kwake mwenyewe, hakuna mwenye nyumba wa kumgongea, mtoto anakimbia mpaka achoke, unapanda mchicha na matembele nyuma ya nyumba, kuku wanataga. Baba kutaka watoto wake walale kwenye nyumba aliyoijenga ni jambo la heshima, usimjibu kwa ukali juu ya hilo.

Lakini nyumba haina madirisha. Mwanangu hapo mimi siwezi kupita haraka. Kwenye upimaji wa malaria wa kitaifa wa mwaka 2017 mkoa wetu ndo uliongoza nchi nzima, karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikutwa na vimelea. Robo! Katika watoto wanne mmoja. Na kwa kawaida malaria ya kijijini inazidi ya mjini, mashamba yako karibu, madimbwi yapo, mbu anayeambukiza anauma usiku na nyumba iliyo wazi juu ya ukuta na madirishani ni kama mmemfungulia mlango. Mtoto akichemka saa 8 usiku Mwanga unambeba mgongoni au unaita bajaji dakika chache uko hospitali ya Maweni. Simbo saa 8 usiku, mume ndo anajiandaa kwenda mwaloni, gari hakuna, unangoja kupambazuke. Malaria ya mtoto mdogo inaweza kugeuka kali ndani ya masaa 24. Kwahiyo kuhamia hivohivo kama anavosema, hapana. Madirisha yenye wavu, dari au angalau kuziba ule uwazi kati ya ukuta na bati, na chandarua chenye dawa kwa kila kitanda, hivyo vinatangulia. Choo kinatangulia pia. Na kama kuna shimo la maji au kisima cha kuchimba kwenye kiwanja au kwa jirani kifunikwe kabla mtoto hajakanyaga pale, mtoto mdogo anazama kwenye maji kidogo sana na hapigi kelele.

Chakula nacho watu wanakosea. Wanadhani shamba ndo lishe. Wewe unakaa sokoni, dagaa wanapita mlangoni kwako, migebuka ipo, mawese yapo, na mawese yale mekundu yasiyochujwa rangi yake ndo inampa mtoto vitamini A, kijiko kimoja kwenye maharage au mchicha wake kinatosha. Dagaa mmoja mmoja ukiwasaga ukatia kwenye uji wa mdogo anapata vya kujengea mwili na mifupa bila kununua kopo lolote. Kijijini samaki anafika akiwa amepanda bei na siku nyingine hafiki kabisa.

Na kipato. Nikukumbushe ziwa lilivofungwa kupisha samaki wazaliane, Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024, miezi mitatu mitumbwi imelala mchangani, nyumba nyingi za Kibirizi na Katonga zililala njaa kwasababu pesa yote ilikuwa inatoka majini. Nyumba yenye genge ilikula. Usiliweke genge lako mbali na wewe, hiyo ndo bima ya watoto wako.

Mama yako wa Ujiji mimi namheshimu na nataka umsikilize vizuri maana kuna kitu anakiona. Lakini Ujiji yenyewe haijawahi kuwa mahali pa kimya, ilikuwa soko na bandari tangu misafara ya pwani inaishia pale, 1871 Stanley alimkuta Livingstone kwenye mji uliokuwa umejaa watu wa kila kabila, na watoto wa Ujiji wamekulia katikati ya biashara vizazi na vizazi. Mama yako mwenyewe kakulia sokoni na hakuharibika. Tofauti ni kwamba enzi zake ukikosea mtaa wa tatu, unachapwa palepale na ukifika nyumbani taarifa imeshafika. Leo mpangaji wa chumba namba nne hamjui jina. Kwahiyo dawa yake sio kukimbilia porini ambako ndo hutomjua mtu kabisa, dawa ni kumjua mpangaji wa chumba namba nne. (Viboko vya mtaani sivitaki, nimeona watoto walioumizwa, ila kukemewa na jirani mtu mzima ni kitu kizuri sana kwa mtoto.) Na kwakuwa yuko Ujiji, hiace mpaka kwake sio mbali, binti awe anaenda kulala kwa bibi Ijumaa na Jumamosi, apate usingizi na hadithi na madrasa au kanisa, hiyo hewa anayoitaka baba yake ataipatia hapo.

Basi ukiniuliza mimi, hamieni nyumba nyingine ndanindani Mwanga hapohapo au Katubuka, isiyozidi dakika 15 kwa mguu kutoka genge, nyuma ya barabara mitaa miwili mitatu, milango iangalie uani, wapangaji wasizidi watatu na angalau mmoja awe na watoto. Kama ni elfu 120 lipeni, bado ni chini ya nauli ya Simbo. Mkiikagua msiende mchana peke yake, rudini saa 4 usiku msimame uani dakika kumi kimya msikilize. Nendeni pia siku imenyesha, mji wetu una miteremko na makorongo, nyumba nyingine inapendeza kiangazi afu masika maji ya mlima yanapita chumbani. Uliza mwanamke wa pale, usimuulize dalali, choo kinajaa mara ngapi na nani anakunywa akaleta fujo. Angalia kama kila chumba kina dirisha linalofunguka.

Kiwanja cha Simbo msiuze na ujenzi usisimame. Mwaka huu madirisha na wavu, mwakani choo na mifereji ya bati na simtanki la kuvunia mvua, polepole hivohivo. Mdogo akifika miaka saba nane, anaweza kwenda shule na kurudi kwa miguu yake pamoja na dada yake, anaweza kusema ameumwa wapi na nani kamfanya nini, na mmoja wenu awe ameshapata cha kufanya kulekule, kuku au duka, ili jua la saa 9 alasiri likute mzazi nyumbani, hapo mimi mwenyewe nitakuja kuwasaidia kubeba magodoro.

Na kwa mume wako, usimpe haya maneno yangu kama hukumu. Mwambie mama nesi anaomba kitu kimoja. Kipindi cha giza kijacho, mbalamwezi ikiisha na dagaa wakiwa wanatoka, aende akalale Simbo peke yake siku tano mfululizo, watoto wabaki na wewe. Atoke kule saa 9 usiku, aanike, arudi jioni, na kila siku aandike kwenye simu saa aliyofika nyumbani na saa ambayo mdogo wenu huwa analala. Siku ya sita mkae wawili muangalie hizo saa, na wewe siku hizo tano uwe umeshapita kliniki na kile kikohozi.